Doa Lako na Doa la Mama Yako

Koku mwanangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, kwa sababu ndani kumeanza kuwa na giza na mafuta ya taa yaliyobaki tunayatunza kwa ajili ya asubuhi. Wewe umekwenda na Shangazi yako sokoni kutafuta dagaa wa kupeleka Bukoba. Bibi yako anakaanga karanga za safari. Ameshaunguza za kwanza, lakini hakubali kwamba zimeungua, anasema Wahaya wanazipenda hivyo. Kesho jioni mtapanda meli. Nikingoja hadi bandarini nikuambie kwa mdomo, najijua, nitakufunga vifungo vya sweta, nitavifungua, nitavifunga tena, na meli itaondoka.

Habari ya kuoga, kusali na kuamkia wakubwa sitaandika. Hayo Bibi amekuimbia wiki nzima hata umeanza kumwitikia kabla hajamaliza. Mimi nataka kuandika juu ya doa lako na doa la mama yako, kwa kuwa uliniuliza na sikukujibu. Uko darasa la tatu, kwa hiyo kuna mahali hutaelewa. Pale ruka, utaparudia ukiwa mkubwa. Kuna mahali hata mimi sielewi, na niko kidato cha tatu, na nimeparudia mara nyingi.

Mama yako Leticia alikuwa mtoto wa kwanza wa Bibi na mimi wa mwisho. Watu wasiotujua walidhani mimi ni binti yake. Alipoolewa na baba yako, mwalimu wa Kihaya aliyekuwa anafundisha hapa Mwanza, nililia kama aliyefiwa, nikapewa kipande cha keki nikanyamaza. Wewe ulipozaliwa akanifundisha kukubeba mgongoni, akasema, huyu ni mtoto wako pia, usije ukamwita mtoto wa dada. Kwa hiyo ninapokuita mwanangu sijikwezi. Nilipewa.

Ugonjwa wa mama yako ulianzia mahali ambapo jua halifiki. Kiunoni, kwenye makalio, chini ya matiti. Madoa mekundu ya kahawia, bapa, yenye magamba membamba, yakiwasha. Daktari alikuja kutuambia baadaye kwamba ndiyo desturi ya ugonjwa ule, unapenda sehemu zinazofichwa na nguo. Lakini fikiria, sisi watu wa nyumba hii, ambao hata jino likiuma tunafunika mdomo, nani angeonyesha makalio yake zahanati? Mama yako alikaa nayo kimya, akijikuna kwa kusugua khanga, hadi siku moja Bibi alimkuta anaoga akaliona moja.

Bibi akasema ni choa. Lilikuwa duara, linawasha, lina magamba. Nani asingesema choa? Alikwenda kuchuma majani ya kusugulia choa, akamsugua mama yako mpaka damu ikatoka, na mimi ndiye niliyeshika bakuli. Baba yako wakati huo alikuwa amehamishiwa shule mpya ya kijiji cha ujamaa upande wa Biharamulo, na mama yako alishindwa kumfuata kwa sababu ya hali yake. Ndugu wa baba yako wakauliza kwa nini mke hamfuati mume. Bibi akawatumia salamu na mtu aliyekuwa anakwenda kwao: mwambie mama mkwe mtoto wetu ana choa tu, ikipona atakuja. Naomba ukumbuke salamu hizo. Bibi hakudanganya hata kidogo. Alisema alichokiamini.

Majani hayakusaidia. Madoa yakaongezeka, majirani wakaanza kusema ukoma. Hawakusema kwa sauti, walisema kwa kuacha kukaa kwenye mkeka wetu. Mganga wa zahanati alimfunga mama yako macho, akamgusa madoa kwa pamba, akawa anamuuliza umesikia, na kila mahali mama yako alisikia. Akasema basi siyo ukoma, ukoma unaua hisia. Tulirudi tumefurahi. Lakini, Koku, pamoja na furaha hiyo mimi niliendelea kuosha kikombe chake peke yake, kwa majivu, nyuma ya nyumba. Hakuna aliyeniagiza. Siku moja alinikuta, akachutama, akachukua majivu tukaosha pamoja. Nikipita pale kwenye majivu hadi leo nahisi anachutama.

Tulipofika hospitali kubwa walimkata kipande kidogo cha ngozi. Jibu likarudi halieleweki. Wakakata tena. Huo ugonjwa mwanzoni unajificha hata kwa wanaoutazama kwa darubini, ndivyo tulivyoambiwa, na inaweza kupita miaka kabla haujajionyesha ni nini. Hatimaye daktari wa ngozi, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, akatuita wote. Mimi nilikuwa nimeanza sekondari na Bibi akanisukuma mbele akisema, huyu ndiye mwalimu wetu, mweleze yeye.

Daktari akasema jina. Ni saratani ya seli nyeupe za damu, lakini inakaa kwenye ngozi. Mimi nilikuwa nimesoma seli nyeupe za damu. Nilijua kuzichora na kuziandikia majina kwa Kiingereza, na mwalimu alinipa vema kubwa. Mama yako akanigeukia akauliza, "Minza, kinachonila ni nini?" Na mimi, Koku, sikuwa na neno hata moja la Kiswahili la kumpa dada yangu. Nilitazama viatu vya daktari.

Daktari aliniona. Akamwuliza mama yako kama mtaani kwao kuna mgambo. Mama yako akasema wapo, wanazunguka kila jioni. Akamwambia mwilini mwake pia wamo, seli zinazozunguka kwenye damu na kuingia ngozini kukagua kama kuna mdudu, zikimaliza zinaondoka. Sasa mmoja wao aliingia ngozini akaharibika. Hakuondoka. Akakaa palepale, akazaa wengine wanaofanana naye kwa kila kitu, na wao hawaondoki, wala hawafi wakati wao ukifika. Hao ndio madoa.

Mama yako akafikiri. "Kwa hiyo siyo mdudu kutoka nje. Ni mgambo wangu mwenyewe."

"Ni wako mwenyewe."

"Basi ningejua ningewapa chai mapema waende zao."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Bibi hakucheka. Bibi alitaka kujua nani alimharibu huyo wa kwanza, na daktari akasema hakuna anayejua. Alisema ndani ya seli kuna nyuzi zenye maagizo yote ya seli, zinaitwa kromosomu, na seli inapojigawa inabidi izinakili, na kwa mgambo yule unukuzi ulikosewa. Kwa nini kwake, kwa nini pale, hawajui. Alituambia pia kwamba Wazungu wa zamani waliupa ugonjwa huo jina la uyoga, kwa sababu vivimbe vyake vya mwisho huota kama uyoga, lakini hakuna uyoga wala kuvu ndani yake. Nilitoka pale nimechanganyikiwa zaidi kuliko nilivyoingia. Uyoga ambao siyo uyoga, askari ambaye siyo adui, saratani inayoanza bila uvimbe. Bibi alitoka akisema daktari ni mzuri ila anasimulia sana.

Alipewa marhamu ya kupaka, na akaambiwa akae juani. Jua, alisema daktari, linawadhoofisha wale mgambo walioko juujuu. Mwanza jua hatujakosa. Kilichotukosesha amani ni kwamba madoa yalikuwa sehemu zile. Unalijua lile jiwe bapa kule juu, nyuma ya nyumba, lililozungukwa na mengine marefu? Tulipanda hapo asubuhi kabla sijaenda shule. Mimi nilishika khanga kwa mikono miwili kama pazia upande ulio wazi, nimempa mgongo, na yeye analala akigeuzwa na jua. Kutokea hapo unaliona ziwa lote na boti ya Kamanga ikivuka. Mama yako aliongea pale kuliko alivyoongea chini. Aliimba. Aliniambia alivyompenda baba yako kwa sababu ya mwandiko wake ubaoni. Na madoa yalififia, hilo ni kweli, kwa muda mrefu yalififia hata Bibi akaanza kusuka mkeka mpya.

Kisha vikaja vivimbe. Hapo sitaandika sana, ulikuwepo, ulikuwa unampepea. Ninachotaka ujue ni kwamba hukumwambukiza wala hakukuambukiza, na kile kikombe nilikiosha bure.

Sasa naingia kwenye kosa langu kubwa, lile unalolijua kwa mwili wako.

Baada ya matanga ya mama yako tukasoma urithi darasani. Njegere ndefu na njegere fupi. Mwalimu akachora, akaeleza kwamba sifa inaweza kufichwa kwa mzazi ikatokea kwa mtoto, au ikaruka kizazi. Wenzangu walikuwa wanacheka wakihesabu nani ana ndewe za sikio za baba yake. Mimi nilikaa nyuma nimeganda. Kama ule unukuzi uliokosewa uko kwenye kromosomu, na kromosomu ndizo mama anazompa mtoto, basi mama yako alikupa. Na kama yeye alipewa na Bibi, basi na mimi ninao. Ilikuwa hesabu rahisi kabisa. Ningenyoosha mkono nimwulize mwalimu ningepona siku hiyohiyo. Lakini unanijua. Tangu nianze shule sijawahi kunyoosha mkono bila kuitwa jina. Nikabaki na hesabu yangu, nikaanza kujikagua kwa kipande cha kioo nyuma ya mlango, na wewe nikaanza kukukagua nikikuogesha, nikijifanya nakusugua.

Likizo ilipoanza nikaliona doa kwako. Kiunoni, upande wa kulia. Duara, jekundu la kahawia, na magamba kingoni. Mahali palepale alipoanzia mama yako.

Sikumwambia Bibi. Bibi angewaambia wakwe, na nilijua ndugu wa baba yako wangesema ni ugonjwa wa ukoo wetu, na jina hilo lingekufuata mpaka siku ya kuposwa, kama utafika siku hiyo. Nilifanya nilichojua. Nilikupeleka kwenye jiwe.

Unakumbuka. Ulidhani mwanzoni ni mchezo. Nilikulaza pale kila asubuhi na nguo umepandisha, na khanga nimeishika, na wewe unauliza maswali ya boti. Ngozi yako ikababuka. Doa halikufifia, likapanuka, likazaa jingine. Kumbe jasho lilikuwa linalilisha. Ile asubuhi ya mwisho nilidhani umesinzia. Kisha ukauliza, taratibu kabisa, bila kulia, "Mama mdogo, na mimi nina ya mama?"

Nikasema geuka upande huu.

Hilo ndilo jibu nililokupa. Geuka upande huu. Watu wanasema mtoto husahau, lakini niliuona uso wako ulipogeuka, na najua hukusahau, kwa sababu tangu siku hiyo hukuniuliza tena kitu chochote cha maana. Unaniuliza chaki iko wapi.

Kilichotuokoa siyo akili yangu. Ni kwamba na mimi nilipata. Nilikuwa nakubeba kushuka kutoka kwenye jiwe, kiuno chako kwenye mkono wangu, na baada ya siku kadhaa nikaona duara mkononi mwangu, hapa ndani ya kiwiko. Nilikaa nalo nikilitazama. Nilifikiri, basi, tumekwisha wote wawili. Hapo ndipo nilipokuchukua tukaenda hospitali bila kuaga, tukamtafuta yule daktari mrefu. Nilikuwa nimepanga sentensi yangu njia nzima, na nilipofika mbele yake nikakunja mkono wa gauni nikamwonyesha tu.

Akatazama wangu. Akatazama wako. Akakwangua magamba akayapeleka kwenye darubini, akarudi amekunja uso kama mtu anayezuia kicheko.

"Nani alianza?"

Nikasema mtoto.

"Wewe ukafuata baada ya kumbeba."

"Ndiyo."

"Ugonjwa wa dada yako ulimpata nani hapo nyumbani? Wewe ulilala naye, mama yako alimsugua kwa mikono. Ulimpata nani?"

Nikasema hakuna.

"Basi huu siyo ule. Ule hauambukizi. Huu umeambukiza. Binti, hii ni choa. Choa kabisa, ya kuvu, ya watoto wote."

Koku, kwa mama yako tulisema ni choa na haikuwa. Kwako nilisema siyo, na ilikuwa. Wa kwanza tulimsugua majani, wa pili nikamwanika juani. Tungegeuza tu, kila mmoja angepata dawa yake.

Daktari alinipa marhamu, ile iliyokufanya urukeruke kama bisi kwenye kikaango, na akatuagiza kuchemsha nguo na kuogea sabuni. Sabuni! Duka la ushirika lilikuwa halijaletewa sabuni muda mrefu, tukachemsha kwa majivu. Lakini kabla hatujaondoka niliuliza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwuliza mtu mzima swali bila kuitwa jina. Nikamweleza hesabu yangu ya njegere.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza shuleni kwenu vitabu mnavyo vya kutosha? Nikasema hatuna, mwalimu anaandika ubaoni tunanakili, na walioko nyuma wananakili kwenye madaftari ya wa mbele. Akasema vizuri. Mwanafunzi mmoja akikosea kunakili, na wa nyuma yake wakanakili kwake, kosa litaenea safu nzima. Je, ubao umeharibika? Nikasema hapana. Akasema mtoto hanakiliwi kutoka kwenye daftari la ngozi. Ananakiliwa kutoka ubaoni. Kosa la dada yako lilitokea kwenye daftari moja, akiwa mtu mzima, ngozini. Lile yai lililokuwa Koku lilikuwa limeshawekwa kando siku nyingi, halijui habari za daftari hilo.

Nikamwuliza, kwa hiyo hatapata?

Hapo ndipo penye neno linalonisumbua. Alisema, kwa tunavyojua, haurithiwi. Nikangoja aondoe hilo kwa tunavyojua, hakuliondoa. Alisema hajawahi kuona mama na mtoto wake wakiwa nao, lakini ni ugonjwa wa nadra, walioonwa ni wachache, na huko kwenye maabara bado wanazichungulia hizo kromosomu bila kumjua aliyekosea wa kwanza. Alisema wewe una hatari kama mtoto yeyote anayecheza pale nje, siyo zaidi, kwa tunavyojua. Nilitaka anipe ndiyo au hapana niibebe nyumbani. Akanipa hilo. Nimelizungusha kichwani hadi leo, na kuna saa linaonekana ni faraja kubwa na kuna saa linaonekana ni mlango ulioachwa wazi. Sijui kuufunga. Nakupa kama nilivyopewa.

Na kuna jambo jingine, afadhali niliandike wakati mkono bado una nguvu. Daktari aliposema ni choa tu, nilifurahi. Lakini kabla ya kufurahi kulikuwa na kitu kingine kilichopita haraka. Nilisikia kama nimenyang'anywa. Kwa sababu baba yako bado yuko Biharamulo, na tulikuwa tumeshaambiwa Shangazi atakuja kukuchukua, mtoto ni wa ukoo wa baba, na mtoto mgonjwa asingechukuliwa. Angebaki na mimi. Nililitaka doa lako, Koku, kwa muda mdogo hivyo, nikajua nimelitaka. Sielewi mtu anawezaje kumpenda mtoto na kutaka hilo. Sijamwambia padri, nakuambia wewe.

Sasa jana. Wewe ulikuwepo lakini walikutuma maji katikati, kwa hiyo hukusikia yote.

Shangazi yako alishuka melini asubuhi, akatupikia yeye mwenyewe baada ya kuonja ndizi zetu na kuuliza kama tumezipika au tumeziogesha. Bibi alijibu kwamba kwetu Sengerema chakula ni ugali, ndizi ni za wagonjwa na wageni. Wakacheka, wakaelewana. Tulipokwisha kula akasema anaomba akuone mwili. Alisema kwa adabu, lakini alisema. Kule nyumbani mama yake, mkwe wa mama yako, ameuliza, na yeye hawezi kurudi bila jibu. Ukoma ulisikika mpaka kule.

Bibi akakuita, akakuvua gauni pale uani, kwenye mwanga. Ulisimama umejikumbatia. Shangazi akakuzungusha polepole, akakugusa mabega, mgongo, akafika kiunoni. Pale ambapo choa ilipona ngozi imebaki nyeusi kidogo, duara.

Akauliza hili ni nini. Bibi akasema, ilikuwa choa, imepona.

Shangazi akaokota gauni lako. Akakuvalisha yeye mwenyewe, akafunga kamba nyuma, akakutuma maji. Ulipotoka akasema, bila ukali wowote, "Hata mama yake mlituambia ni choa."

Bibi angesema nini? Neno la kweli lilikuwa lilelile, nalo lilishatumika. Alichukua ufagio akaanza kufagia mahali palipofagiwa. Shangazi akasema pengine ni bora mtoto abaki kwanza kwenu, aangaliwe, watakuja kutazama tena baadaye. Alisema kwa huruma kabisa. Nilisikia nilichokuwa nimekitaka kikisemwa na mtu mwingine, kwa sauti nzuri, na nilichotakiwa kufanya ni kukaa nilivyokaa siku zote.

Lakini nikaona utakavyobaki. Utabaki kama mtoto anayeangaliwa. Kila upele utaitiwa watu. Utakua unageuzwageuzwa uani. Na siku utakapouliza tena, hakutakuwa na mtu wa kukujibu hapana, kwa sababu sote tutakuwa tumekubali kwa kunyamaza.

Nikasema, "Shangazi, naomba niseme."

Bibi aliacha kufagia. Nadhani ufagio ndio ulioshangaa zaidi.

Nilikunja mkono wa gauni nikamwonyesha alama yangu. Nikamwambia hii ilitoka kwake. Nilimbeba, ikanipata. Dada nilimbeba pia, nikamwogesha, nikalala naye kitanda kimoja hadi mwisho, na ya kwake haikunipata. Ya dada ilikuwa askari wake mwenyewe, haitoki mtu kwenda mtu, na haitoki mama kwenda mtoto. Nikamweleza mgambo. Nikamweleza ubao na madaftari. Nilichanganya mambo, nikarudi nyuma, nikasahau neno la Kiswahili la yai nikaonyesha kwa vidole. Shangazi alisikiliza akinitazama mdomoni.

Akauliza, "Kwa hiyo una hakika hatapata?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa nimeshafika. Lakini nilikumbuka salamu za Bibi zile, jinsi uhakika wetu ulivyomgharimu kila mtu. Nikasema, "Hakika kabisa hakuna mtu aliye nayo. Daktari alisema ana hatari kama mtoto yeyote. Kama watoto wako, Shangazi. Kama wewe."

Nikadhani nimeharibu. Akaangalia mlangoni ulikopita. Kisha akaniuliza maswali ya ajabu kuhusu wewe. Unalalaje, upande gani. Kama unaogopa giza. Kama ukiota unaongea. Nikajibu yote. Akasema, "Mama nitamwambia nimemwona mtoto, ana ngozi nzuri. Kwangu kitanda ni kikubwa, atalala na mimi. Mfungieni mizigo."

Kwa hiyo, Koku. Jibu la swali lako ni hapana, huna ya mama. Ulikuwa na choa, ukaniambukiza, tukapona. Kuhusu kesho yako ya mbali sijui, kama nisivyojua yangu, na hiyo sijui ni ileile ya watoto wote wa darasa lenu. Mtu akikukagua kwa macho mabaya huko, usigeuke upande wowote. Mwulize anatafuta nini, kisha mweleze. Ukikwama kwenye kromosomu, kwama. Mimi nilikwama mbele ya Shangazi na bado alinielewa. Na uniulize tena maswali makubwa, kwa barua, hata yale nitakayojibu sijui.

Nawasikia mnakuja, Shangazi anacheka, lazima umemwambia jambo kuhusu muuza dagaa. Alikuwa tayari kukuacha. Alishasema abaki. Mimi ambaye kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote, nilihitaji kunyamaza muda mdogo tu wa kufagia uani, na leo ningekuwa nakuandalia daftari la shule ya hapa. Nikasema. Na kwa kuwa nilisema vizuri, kesho unasafiri.

Mama yako mdogo,
Minza